Maoni ya Mlinzi kwa Elinisafi

Ulisema: mzee Mbonea, cheza, kisha uniambie,
usinivike kilemba cha ukoka.
Sikuviki. Nimecheza usiku kumi na mmoja
hapa getini, kiwanda cha kukoboa kahawa,
rungu gotini, chupa ya chai miguuni,
mwanga wa simu nimeufunika kwa kofia.

Mwewe wako ana njaa ya kweli.
Nimefuga kuku, mwewe namjua,
sikutegemea kama iko siku nitamwombea.
Kidole kikibonyeza anapanda, kikiachia anashuka,
basi. Hakuna bunduki, hakuna sarafu za kuokota,
hakuna anayechomoza katikati ya anga kuniuzia mkopo.
Nilimsubiri adui mpaka saa nane za usiku.
Hakuja.
Adui ni uzito.

Na hili la mabati, nani alikufundisha?
Kwamba mchana juu ya Pasua, bati likishika moto,
hewa inamwinua ndege kama mwanamke anavyojitwika beseni,
pole pole, shingo imenyooka,
wala bawa halipigwi.
Kumbe umaskini wetu wa kukaa bati kwa bati
unaweza kumpandisha mtu.
Lakini juu ya migomba ya Kibosho hewa ni baridi, haina mkono.
Nimeanguka Kibosho mara thelathini.
Migomba ilinipokea kimya,
kama ukweni.

Mlima umeukosea, nisamehe.
Umeuanika saa zote kama picha ya kalenda.
Mlima wetu, mgeni hulala hotelini siku tatu
akaondoka hajauona hata kisigino.
Ufiche. Utoe mara moja tu, alfajiri,
mchezaji akiwa keshakata tamaa na anatafuta chaja.

Mke wangu akipiga, mchezo unasimama.
Tunaongea: unga umeisha, mtoto bado anakohoa,
dada yake kaja na maneno yake.
Nikirudi, mwewe yuko palepale juu ya reli,
bawa moja juu, jingine chini,
ananingoja.
Sijawahi kungojwa na kitu chochote namna ile.

Sasa lile la aibu.
Kulikuwa na mto.
Mwembamba, mweupe, ulianzia pembe ya kulia
ukakata mashamba, ukakata mawingu,
haukujali lipi anga lipi ardhi.
Nikasema, huyu binti ana akili,
ameuona Karanga ukipanda mbinguni.
Niliufuata usiku tatu mfululizo.
Ndio ulionifikisha mbali,
kupita viwanja vya miwa, kupita pale ramani yako inapofifia
na nyasi zinakuwa rangi moja tu.

Jumamosi nilipeleka simu kwa baba yako.
Akang'oa kioo, akaweka kipya, akanipunguzia elfu mbili.
Nikafungua mchezo palepale kwenye benchi:
anga safi, mto hakuna.
Mto uko kwenye ndoo yenu ya takataka, chini ya meza.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofunzwa.
Mimi nimeuziba,
na sasa sina pa kupita.

Siombi uurudishe. Najua haukuwa wako.
Ila ukiingia usiku, katika mchezo mji wote unalala,
nyumba zote nyeusi, hata hospitali.
Weka taa moja kiwandani.
Tochi, itembee kando ya ukuta kila saa,
isimame kwenye kona ya mashariki, pale penye mbwa,
kisha irudi.
Si lazima niwe mimi.
Ni ili anayeruka ajue
huku chini kuna mtu macho.

Halafu sauti ya upepo, ipunguze.
Inafanana mno na mtu anayekata seng'enge.
Jana niliinuka na rungu mara mbili,
na mwewe, kidole kilipoachia,
akaenda zake Kibosho.